Mwalimu wetu anahama, ananiachia dojo. Nianzie wapi?

BintiPongwe

Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga, nina miaka 26, nafanya karate ya mtindo wa Goju-ryu tangu kidato cha kwanza. Novemba mwaka jana nilipanda mkanda mweusi, dani ya kwanza.

Wiki iliyopita mwalimu wetu alitukalisha baada ya mazoezi akasema kazini wamemhamishia Dodoma, anaondoka mwisho wa mwezi ujao, na dojo ananiachia mimi. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi usiku ule sikulala.

Wanafunzi wote ni 31, na 22 kati yao ni watoto wa miaka 7 hadi 14. Siku zote nilikuwa naongoza kupasha misuli na kuwashika wa mkanda mweupe. Nikikwama nageuka nyuma, mwalimu yupo. Sasa nikigeuka nitakuta ukuta.

Kuna baba mmoja amesema mbele yangu kwamba mwanawe wa kiume hafundishwi ngumi na mwanamke. Halafu mwalimu wetu ni wa fimbo: anayechelewa anazunguka ukumbi kwa kichura, anayelegea anachapwa. Watoto wamezoea hivyo. Mimi mkono wangu hauinuki, na naogopa watanipanda kichwani. Na kubwa kuliko yote, mimi mwenyewe bado. Kata zangu, ile mifuatano ya mapigo tunayokariri, hazijakaa: Saifa inayumba, Seiyunchin ndiyo kwanza nimeshika mwendo tu. Nawezaje kumfundisha mtu kitu ambacho na mimi bado nakitafuta?

Walimu mliomo humu, mlianzaje? Naomba msinifiche.

MzeeWaRaskazone

Hongera sana binti. Mwalimu hakuachii dojo kama hajakuona. Ushauri wangu ni wa upande wa makaratasi: nenda kwa ofisa michezo wa jiji akuelekeze usajili wa klabu uwe kwa jina la uongozi mpya, na makubaliano ya ukumbi yaandikwe upya, yasibaki ya mdomo kati ya mwalimu wako na mkuu wa shule. Ada weka daftari lake peke yake. Nimeona klabu nyingi zikifa kwa hayo, mazoezi yenyewe yakiwa mazuri kabisa.

FundiKihonda

Mdogo wangu, nimekusoma nikiwa kazini, nikazima mashine nikakaa kwenye kigoda. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Morogoro, mageti na nondo za madirisha, na jioni nafundisha Goju-ryu Kihonda tangu 2001. Umesema tusikufiche, basi sikufichi. Nitakueleza na baya nililolifanya, maana nadhani ndilo litakalokufaa zaidi.

Nilianza Dar mwaka 1989, nikiwa na miaka 13. Mtaani kwetu Magomeni kila mvulana alikuwa anarusha mateke. Tunalipa kuingia kibanda cha video, tukitoka tunamalizia kwenye mchanga. Kaka mmoja wa mtaa aliyekuwa na mkanda wa kahawia aliniona nikimpiga mtoto mdogo kuliko mimi. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka dojo.

Goju-ryu ya Dar ilikuwa na mizizi tayari. Aliyeipanda ni Mmarekani mweusi, Sensei Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha pale Zanaki, Upanga, miaka ya 1970, na waliopikwa pale ndio waliotawanya mbegu. Mimi sikumkuta, nilikuta kizazi kilichofuata. Tulifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa shule, sakafu ya saruji, tukisukuma madawati ukutani kwanza. Gi yangu ya kwanza, vazi la karate, mama aliishona kwa viroba vya ngano alivyovichemsha mpaka maandishi yakafifia. Mgongoni yalibaki herufi mbili nyekundu ambazo hazikutoka mpaka gi yenyewe ikachakaa.

Miaka miwili karibu yote tulikula Sanchin, kata ya pumzi na msimamo. Unaijua: hatua tatu mbele, miguu imeshika chini, pumzi inaingia na kutoka kwa sauti, mwili mzima umekazwa. Mwalimu anazunguka nyuma yako, anakupiga mabegani, anabonyeza mbavu, anasukuma nyonga kuona kama umekaa. Ile inaitwa shime. Wa kwetu alitumia ubao wa dawati. Tulitoka na michirizi tukionyeshana kama medali, na mimi niliamini kwamba kile kipigo ndicho somo lenyewe.

Nilipata dani ya kwanza 1998, mwaka uliofuata kazi ikanileta Morogoro. Mwaka 2001 majirani wakaniletea watoto 11. Nikafundisha nilivyofundishwa. Sikujua kwamba kuna namna nyingine, wala sikujiuliza. Darasa langu lilikuwa kimya kama msiba, na nilijivunia ukimya ule. Wazazi wakipita dirishani wanasema hapa kuna nidhamu. Watoto wakafika 40.

Sasa nakuja kwenye kichura chako. Mwaka 2004 nilikuwa na kijana wa miaka 12, mrefu, amekua ghafla mwaka ule, suruali zote zinaishia juu ya kifundo. Alikuwa anachelewa kila Jumatano kwa sababu lazima achote maji kwanza. Nilijua hilo. Kila Jumatano nilimrusha kichura kuzunguka ukumbi, raundi mbili, tatu, juu ya saruji. Baada ya miezi kama miwili akaanza kuburuta mguu wa kulia. Chini ya goti, pale mbele, pakatoka kinundu. Akipiga magoti kwa salamu anakunja uso. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba uvivu umempanda mpaka gotini.

Mama yake alikuwa anauza mboga sokoni Mawenzi. Alimpeleka hospitali mwenyewe, kisha akaja dojo saa ya mazoezi na kanga yake, akasimama mlangoni, hakuingia kwa kuwa hakutaka kukanyaga ukumbi na viatu. Akaniambia, "Mwalimu, nilikuletea mtoto anakimbia." Hakuongeza neno. Akamchukua mwanawe wakaondoka, na watoto 39 wananitazama.

Nilikwenda hospitali kumtafuta yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemhudumia. Alinichorea kwenye bahasha. Kano nene inayoshuka kutoka kwenye kifuniko cha goti inashika kwenye mfupa wa muundi, mahali ambapo mfupa wa mtoto bado unakua. Mahali pale kwa mtoto ni laini kuliko kano yenyewe. Anaporefuka haraka misuli ya paja inabaki imekaza, inavuta, na kila mruko unavuta pale pale. Panavimba, panauma, na mwisho mfupa unajijenga kinundu. Ugonjwa una jina, Osgood-Schlatter, na unawapata sana watoto wanaocheza michezo ya kuruka wakiwa katika umri wa kurefuka. Mara nyingi huisha mtoto akimaliza kukua, ilimradi apunguziwe kuruka na kuchuchumaa pale panapouma. Akaniuliza, "Kwani hakukwambia kwamba anaumia?" Alikuwa ameniambia kwa uso kila Jumatano.

Wajapani wenyewe walikuwa na kichura chao, wanakiita mruko wa sungura. Walikiacha kwa sababu hizo hizo za magoti. Sisi tulichukua adhabu ya shuleni tukaivalisha gi.

Yule kijana hakurudi. Leo ni mtu mzima, ana bodaboda pale Msamvu, akiniona anazima pikipiki anainamisha kichwa na kuniita Sensei. Kila akishuka kwenye pikipiki ninaangalia goti.

Kwa hiyo fimbo, mdogo wangu, kama mkono wako hauinuki usiulazimishe. Mimi anayechelewa siku hizi anasimama mlangoni, anainama, anasubiri nimwite. Namwacha nusu dakika. Nikimwita namuuliza kilichomchelewesha, na ninasikiliza jibu. Wakianza kelele sipandishi sauti, naishusha, mpaka wa nyuma waambiane wenyewe "shhh, Sensei anasema." Wiki tatu za kwanza watakujaribu, hasa waliozoea kuchapwa, kwa sababu wanatafuta mpaka mpya uko wapi. Uwe na mpaka mmoja usioyumba. Wa kwangu ni huu: hakuna anayempiga mwenzake baada ya neno "yame", yaani acha. Ukivunja unakaa pembeni siku hiyo, na hata mwanangu mwenyewe amewahi kukaa.

Kuhusu "mimi mwenyewe bado." Shodan, hiyo dani yako, maana yake ni dani ya mwanzo. Jigoro Kano wa judo alipoanza kutoa dani mwaka 1883 hakuwa anawaambia watu wamefika. Na nikueleze kisa kimoja cha mtindo wetu. Mwaka 1930 Jin'an Shinzato, mwanafunzi wa Chojun Miyagi aliyeanzisha mtindo huu, alikwenda Tokyo kuonyesha kata, akaulizwa mtindo wako unaitwaje. Hakuwa na jibu, kwa sababu haukuwa na jina. Akarudi Okinawa, kisiwa cha Japani ilikozaliwa karate, akamwambia mwalimu wake, na Miyagi ndipo akachukua neno kutoka kwenye ubeti wa kitabu cha zamani cha Kichina, Bubishi, ule unaosema njia ya kuvuta na kutoa pumzi ni ugumu na ulaini. Goju. Jina tunaloliandika kifuani lilitokana na swali ambalo mwanafunzi alishindwa kulijibu.

Mimi pia nilipata wangu. Binti wa miaka 9, mkanda wa njano, aliniuliza katikati ya Gekisai Dai Ichi, "Sensei, hapa tunageuka kwa nini? Nani yuko huku?" Nikamwambia fanya tu. Wiki iliyofuata akauliza tena. Mara ya tatu nikagundua nimekasirika, na nimekasirika kwa sababu sijui. Nilikuwa nimeicheza kata ile miaka 14. Basi kuanzia 2005 kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilipanda basi la alfajiri kwenda Dar kwa mkubwa wangu wa zamani, nikasimama mstari wa nyuma na vijana wa mkanda wa kijani, nikaanza upya. Gekisai nayo Miyagi aliitunga mwaka 1940 kwa ajili ya wanafunzi wa shule. Miaka ya nyuma kabla yake, mzee Anko Itosu ndiye aliyeipigania karate iingie shuleni Okinawa, na barua yake ya 1908 kuhusu hilo inasomwa mpaka leo. Watoto hao 22 hujapewa masalia. Kuna watu walikaa wakafikiria kata nzima kwa ajili ya watoto wa umri huo.

Usiache kuwa mwanafunzi wa mtu. Mwalimu wako akienda Dodoma mwambie kabisa, kila baada ya miezi miwili nakuja, unirekebishe Saifa. Nauli iweke kwenye ada.

Kuhusu yule baba namwachia dada mmoja humu, anaweza kuliko mimi. MamaLikoni, upo?

MamaLikoni

Nipo, Fundi. Dada yangu wa Tanga, mimi nafundisha taekwondo Mombasa, upande wa Likoni, mwaka wa kumi na tatu sasa. Baba huyo namjua, hata kama wa kwako na wa kwangu hawajaonana.

Wa kwangu alinifuata nikiwa nafunga ukumbi. Akasema mwanawe ataonekana vipi akiambiwa kafunzwa na mwanamke. Sikubishana naye. Nilimwambia, "Karibu uketi utazame." Alikuja siku tatu, haingii, akiketi nje juu ya pikipiki yake, akitazama kupitia mlango. Siku ya tatu nilikuwa nafundisha kuanguka. Yule mtoto alikuwa mwoga wa kuanguka, mgumu kama ubao. Nikalala chini mimi, nikamwambia anitazame shingo, kidevu kiko wapi, mkono unapiga chini wakati gani. Alianguka mara ya kumi hivi vizuri, akacheka. Babake hakuniambia kitu mpaka leo, si pole si asante, lakini mtoto ana mkanda wa bluu na ada yake haijawahi kuchelewa.

Nikuambie la pili. Wiki ile ile wasichana wawili waliokuwa wakichungulia dirishani waliingia. Walikuwa wakingoja waone kama nitaondoka. Kuwa kwako hapo mbele kutakuletea watoto ambao mwalimu wako wa kiume hangewapata.

Wakija wenye mtandio, usiwaache na pini. Shona kofia ya hijabu ya kitambaa cha kuvutika isiyo na pini wala fundo, shilingi chache tu kwa fundi. Mama akikuambia mchezo na sitara haviendi pamoja, mwambie Kimia Alizadeh wa Iran alipata shaba ya taekwondo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa amejisitiri kichwa. Mimi nimewaonyesha picha hiyo kina mama wengi kwa simu, na hawarudii swali.

BintiPongwe

Shikamoo mwalimu Fundi. Shikamoo mama Likoni. Nimesoma nikalia kidogo pale pa mama wa Mawenzi. Tuna kijana wa miaka 13 kwetu ambaye nimekuwa nikimwona anachechemea, sikuwahi kusema kwa sababu mwalimu yupo. Kesho namuuliza.

Mwalimu, naomba uniongezee mambo mawili. Umesema mwalimu wako alitumia ubao kwenye shime, halafu hukusema sasa wewe unafanyaje. Na Jumamosi mwalimu hatakuwepo, nitakuwa na watoto peke yangu kwa mara ya kwanza, saa moja na nusu. Nifanye nini?

FundiKihonda

Marahaba mdogo wangu. Huyo wa miaka 13 muulize akiwa peke yake, usimuulize mbele ya mstari. Mbele ya wenzake atakwambia haumwi.

Shime. Mwaka 2008 kulikuwa na semina Dar, akaja mwalimu mzee kutoka Okinawa, mfupi, ana miaka sabini na kitu. Tuko kama sitini, jasho mpaka sakafuni, tunacheza Sanchin, na mimi nimejikaza nisubiri kipigo ili aone nilivyo mgumu. Akafika nyuma yangu. Hakunipiga. Aliweka vidole viwili chini ya ubapa wa bega langu la kulia, vidole vyepesi, kama mtu anayepima embe kama limeiva. Akasubiri. Nikapiga ngumi ya kulia, akasubiri. Nikarudisha mkono, bado vidole viko pale. Nadhani alikaa nyuma yangu pumzi nne au tano. Ndipo nikasikia mwenyewe: kila nikivuta pumzi, bega lile linapanda. Limepanda miaka 19 na hakuna ubao uliolishusha, maana ukipigwa hapo unazidi kulipandisha. Nikaliachia. Akatoa vidole akaenda kwa mwingine. Hatukusemezana neno, hatukuwa na lugha moja.

Nilirudi Morogoro na basi la usiku, sikuweza kulala. Nilikuwa najiuliza, katika watoto wote niliowapitia na kiganja changu, ni nani niliyewahi kumsubiri pumzi tano? Mwalimu wangu wa Dar alikuwa mtu mwema, alinilisha kwake siku nyingi, lakini kwenye Sanchin alikuwa anapiga bila kuangalia. Na mimi nikarithi mkono bila macho. Shime nafanya mpaka leo. Kwa watoto ni viganja tu, juu ya nguo, na ninamwambia kwanza ninapoweka mkono: "bega," "mgongo." Wazazi waruhusiwe kukaa ukumbini muda wowote, mlango usifungwe kamwe. Hilo ni kwa walimu wote, wa kike na wa kiume.

Sasa Jumamosi. Fika mapema ufagie mwenyewe. Sakafu ya saruji yenye mchanga inateleza, na ukifagia utajua kila msumari na kila kigae kilichoinuka. Wakianza kuingia simama mlangoni, umsalimie kila mmoja kwa jina. Wengine watashangaa. Utakuwa tayari umeshaona nani anachechemea, nani amekuja hajala, nani ana macho ya kulia.

Usiwape kitu kipya siku hiyo. Watoto wana hofu ya mabadiliko kuliko wewe, wape wanachokijua. Pasha misuli kwa michezo ya kukimbiana, wadogo hawahitaji zaidi ya hapo. Maji wanywe kila robo saa, na usisubiri waombe. Sisi tulikatazwa maji mpaka mwisho wa mazoezi, ukienda bombani wewe ni dhaifu, na Februari ya Dar tulikuwa tunadondoka. Tanga unaijua mwenyewe.

Katikati chagua jambo moja tu. Moja. Mimi ningechagua mguu wa nyuma kwenye zenkutsu-dachi, ule msimamo mrefu wa mguu mmoja mbele umekunjwa goti, kisigino kimekaa chini au kimenyanyuka. Wafanye wanaloendelea nalo, ngumi, mae geri (teke la mbele), Gekisai, lakini wewe angalia kisigino peke yake, mstari mzima, dakika ishirini. Usirekebishe kiuno, usirekebishe ngumi, hata kama zinakuuma. Mwalimu mpya anataka kurekebisha kila kitu ili aonekane anajua, na mtoto anabeba maneno saba hapati hata moja. Kosa hilo nililifanya miaka mingi.

Kumite, kupigana wawili wawili, usiwape Jumamosi hii, mpaka uwajue. Utakapoanza kuwapa, sheria ya kichwa ni moja. Mtoto akigongwa kichwani kisha akaona kizunguzungu, akatapika, akazubaa au akasahau alichokuwa anafanya, kwake mazoezi yameisha hata akikuapia kwamba yuko sawa. Anakwenda hospitali na mtu mzima, na harudi kupigana mpaka daktari aseme. Na mtoto akilia, usimwambie karateka halii. Mpeleke pembeni, mpe kazi ya kukuhesabia mapigo, atarudi mstarini mwenyewe.

Vifaa visikuumize kichwa. Chiishi, ule uzito wenye mpini wa kukaza mikono, unatengeneza kwa kopo la rangi la lita 4: mpini wa mpera uliokauka, urefu wa mkono wako toka kiwiko mpaka ncha za vidole na kidogo, misumari minne imepigiliwa msalaba kwenye ncha ili saruji ishike, unamimina, unauacha siku saba ukimwagia maji. Usiutumie kabla, saruji itachomoka ikuangukie mguuni. Hiyo ni ya watu wazima wako tisa, watoto waache nayo. Na ukumbi wakikunyima, uani panatosha. Miyagi baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwa amepoteza watoto na wanafunzi, Shinzato akiwa mmojawao, na alifundisha uani kwake, mjini Naha, Okinawa.

La mwisho, nunua daftari la kurasa 96, liwe mbali na lile la ada alilosema mzee wa Raskazone. Kila baada ya mazoezi, kabla hujavua gi, andika jina la mtoto na kitu kimoja ulichokiona. Usiandike ulichomfundisha, andika ulichokiona. Ukifika jina ambalo huna cha kuandika, ujue huyo hukumwona leo, na Jumatatu anza naye. Daftari langu la 2001 bado ninalo. Kurasa nzima ni "kachelewa," "kachelewa," "hajalipa."

MzeeWaRaskazone

Fundi, miaka yote nimo humu sijawahi kusoma hivi. Binti, ukumbi ukisumbua nitafute kwa ujumbe wa faragha, kuna ukumbi wa jumuiya huku kwetu haufanyi kazi jioni.

BintiPongwe

Nimerudi kutoka dojo, nimekaa barazani na gi yangu bado mwilini. Walikuja 19. Mtoto wa yule baba hakuja. Dada zake wawili, ambao hawajawahi kuandikishwa, walikuwa wamesimama kwenye mwembe nje ya uzio mpaka tunamaliza. Nimewapungia mkono, wakakimbia.

Dakika kumi za mwanzo walinijaribu kweli. Mmoja alimrusha mwenzake teke baada ya "yame", macho yake kwangu. Nikamkalisha pembeni. Alisubiri fimbo, haikuja, akakaa akinitazama saa nzima.

Yule wa miaka 13 nilimvuta pembeni kabla hatujaanza. Ana kinundu, goti la kushoto. Anasema kinauma akipanda ngazi za shule na hakutaka kusema kwa sababu ana mtihani wa mkanda Desemba. Nimempa kazi ya kuhesabu na mazoezi ya mikono akiwa amesimama. Kesho naenda kwao kuongea na bibi yake.

Daftari: majina 12 nimeyaandikia. Saba nimekaa nayo hapa, sioni kitu, kama hawakuwepo. Mmoja wa hao saba nimefanya naye mazoezi miaka mitatu.

FundiKihonda

Kumi na mbili siku ya kwanza! Mimi kufika kumi na mbili ilinichukua miaka saba.

Kwa bibi yake nenda mchana, umweleze kwa kumchorea. Mwambie kijana hajafukuzwa na hakosi mtihani wa mkanda kwa goti, kata anaweza kuipima akiwa amepona. Na ukiwa pale kwao muangalie anavyoshuka kizingiti cha mlango akiwa hajui unamtazama, anatanguliza mguu upi. Niandikie ulichokiona.